Mashuka ya Kitani ya Bi Mejumaa

Harufu ya pasi ya makaa inapopita juu ya shuka lenye unyevu haina mfano. Ndani yake mna moshi wa vifuu vya nazi, mna utamu wa kanji ya muhogo, na chini kabisa mna harufu ya kitambaa chenyewe, kama majani makavu yaliyoonja mvua ya kwanza. Hiyo ndiyo harufu niliyokuwa nikiamka nayo kila asubuhi katika likizo ndefu ya mwaka niliotimiza miaka kumi, nyumbani kwa Bibi, Msambweni. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya maduka ya barabara kuu, na uani mlikuwa na kamba nne za kuanikia zilizofungwa kutoka mpapai hadi mlimau, hata mgeni akiingia ilimbidi apasue njia kati ya mashuka kabla hodi yake haijajibiwa. Mimi nilipenda kuketi katikati ya kamba hizo jua linapochomoza. Upepo ukivuma, mashuka yalijaa na kunizunguka pande zote, meupe, yakinukia maji na buluu ya kufulia, nami nikawa kama niliye ndani ya chumba kisicho na dari.

Bibi yangu mzaa baba aliitwa Bi Mwanamisi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Diani. Alipostaafu hakurudi na vitu vingi. Alirudi na kitambaa kimoja cha meza cha kitani kilichochakaa, alichopewa siku ya kuagwa, na elimu yote aliyoiweka mikononi. Wanawake kutoka Msambweni, Gazi na hata Ukunda walimletea vitambaa avikague kabla hawajavinunua. Mwenye kuoza binti, mwenye kutarajia mgeni wa heshima, mwenye kubadilisha mapazia kwa ajili ya Idi, wote walipitia barazani kwake na vifurushi kwapani. Bibi alikuwa akiwaambia kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwamba muuzaji akisifu mno shuka lake, ulishike shuka, usimshike muuzaji. Walicheka, wakanywa chai ya tangawizi, wakakaa hadi adhuhuri hata kama shuka lenyewe lilikwisha kuamuliwa zamani.

Likizo ile aliamua kunifundisha. Kwanza hakuniruhusu kutazama. "Macho hupenda maua," aliniambia, "na maua huchapwa hata juu ya gunia." Alinifunga leso usoni, akaniwekea kitambaa mapajani, akaniuliza ninahisi nini. Siku za mwanzo sikuhisi kitu ila nguo. Lakini baada ya wiki moja vidole vyangu vilianza kufunguka. Pamba nzuri ilikuwa na upole, ikipokea joto la mkono bila haraka. Kitani kilikuwa baridi hata mchana wa jua kali, kizito kidogo, na nyuzi zake zilikuwa na vinundu vidogo hapa na pale, visivyo na mpango, kama mishipa ya mkono wa mzee. Nailoni na jamaa zake ziliteleza, na pale ngozi ilipokuwa kavu zilinasa. Alinifundisha kukikunja kitambaa ndani ya ngumi, kuhesabu hadi kumi, kisha kukiachia. Pamba hukunjamana, kitani hukunjamana zaidi wala hakioni haya, kile kinachoinuka laini kana kwamba hakijaguswa, kina jambo kinalolificha. Alinifundisha kukisugua kati ya kidole gumba na cha shahada nione kama vumbi jeupe litadondoka, maana wapo wanaotia kanji nyingi ili kitambaa chepesi kijifanye kizito, nawe ukikifua mara moja unabaki na wavu. Tuliinua mashuka juani tukatazama kama nyuzi zimebanana au zimeachana. Tuligeuza upindo tukatazama mishono. Taulo tulilivuta vitanzi vyake, na tone la maji tulilidondosha tukaona kama linanywewa mara moja au linakaa juu likitutazama. Jaribio la mwisho kabisa lilikuwa moto, na hilo, alisema, si la kila siku.

Siku moja kaa lilidondoka kutoka kwenye pasi likaangukia sakafuni. Bibi aliinama akaliokota kwa vidole vitupu, taratibu, kama anayeokota kokwa, akalirudisha. Nikapiga kelele. Yeye ndiye aliyeshtuka, akatazama vidole vyake kama vya mtu mwingine, na nikaona ncha zimekwisha kuiva. Nilikimbilia maji. Alipoketi na mkono ndani ya bakuli aliniambia jambo ambalo hata Shangazi Riziki, bintiye, alikuwa halijui.

"Vidole vimelala, mjukuu wangu. Maji ya moto na dawa za kung'arishia zimevimaliza. Huu ni mwaka wa pili, siwezi kuitambua pamba na nailoni kwa mkono."

"Na hao wanaokuja?"

"Natazama, nakisia, namwomba Mungu." Akageuza mkono ndani ya maji. "Usimwambie mtu, Tumu. Wakijua hawatakuja, na wasipokuja nitakaa na nani?"

Kuanzia hapo mimi ndimi niliyekuwa vidole vyake. Mgeni akileta kitambaa, niliketi ubavuni kwa Bibi kama mtoto aliyezoea kumganda bibi yake, nikakipapasa kwa mchezo, kisha nikamgonga goti. Mara moja ilikuwa kitu safi, mara mbili ilikuwa cha kudanganya. Bibi alikishika, akafumba macho kwa heshima zote, akatoa hukumu. Hatukukosea hata siku moja. Sijui kama kuna furaha niliyopata kazini ukubwani inayofikia ile ya kugonga goti la Bibi na kuisikia kweli yangu ikitoka kinywani mwake.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa katika matayarisho. Shangazi Riziki, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa ameposwa na Bakari, seremala wa Waa. Kwa makubaliano ya nyumba mbili, upande wa bwana harusi uliandaa nyumba na kitanda, nasi tukaandaa matandiko. Shangazi alipenda mashuka yanayong'aa, yenye mawaridi makubwa, na Bibi hakutaka hata kuyasikia. "Mwanangu, hayo utateleza uanguke," alimwambia, na Shangazi akajibu kwamba bora mtu aanguke kwa alichokipenda mwenyewe, wakacheka wote wawili, kisha pamba nyeupe ikashinda. Mama yake Bakari, Bi Mejumaa, alikuwa mjane mwenye shamba la mihogo na kunde. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye kicheko cha kupasuka ghafla. Lakini mara zote mbili alizotutembelea niliona alivyoificha mikono yake chini ya leso alipoketi mbele ya Bibi. Ilikuwa imepasuka kwa jembe, na nadhani alikuwa amesikia mengi kuhusu mikono ya mkwe mwenziwe.

Siku ya kuletwa sanduku la bibi harusi ilikuwa Jumamosi, baada ya alasiri. Mikeka ilitandikwa hadi ukumbini, chetezo kilifuka udi katikati, kaimati na kahawa zilipita, na wanawake wa Waa waliingia kwa vigelegele na sanduku kichwani. Mmoja wao, mwenye sauti iliyoweza kuita mtu ng'ambo, alitoa kitu kimoja kimoja na kukitangaza: leso, viatu, manukato, vitambaa vya kushona. Kila kitu kilipokelewa kwa vigelegele vipya. Sanduku lilipokwisha, Bi Mejumaa mwenyewe alisimama. Alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa utepe, akikikumbatia kama mtoto mchanga.

"Hiki hakimo katika makubaliano," alisema. "Hiki ni changu mimi kwa mkwe wangu. Nimesikia nyumba hii inajua kitani. Basi nami nimekitafuta kitani."

Yalikuwa mashuka mawili na foronya nne, rangi ya maziwa. Bibi alipokea shuka la juu, akalikung'uta mara moja hewani, akaliweka mapajani, akapitisha kiganja chake juu yake polepole. Nami, kwa mazoea, nilikuwa nimekwisha kutia mkono upande wa chini. Lilikuwa na joto. Liliteleza. Vinundu vilikuwapo, lakini vilikuwa vimepangwa sawasawa kama shanga kwenye uzi, kila baada ya upana wa kidole. Nikalikunja ngumini chini ya leso ya Bibi, nikahesabu, nikaliachia, likainuka bila kovu. Nikamgonga Bibi goti mara mbili.

"Mashaallah," Bibi akasema. "Mungu akubariki, mwenzangu. Hili ni shuka la fahari."

Nilidhani hakuhisi. Nikamgonga tena, kwa nguvu. Hakugeuka. Vigelegele vikapaa, kisha jirani yetu mmoja aliyekuwa na binti wa kuoza akauliza kwa nia njema tu, "Bi Mwanamisi, kumbe kitani ndivyo kilivyo? Kipitishe nasi tukishike, tujue." Shuka likaanza kupita mikononi mwa watu. Nikaona siku zijazo zote mbele ya macho yangu: wanawake wakinunua uongo ule kwa jina la Bibi, wakiufua, wakigundua, wakimcheka, wasirudi tena. Niliona kwamba vidole vyake vimemsaliti mbele ya watu, na kwamba hakuna wa kumwokoa ila mimi.

"Si kitani!" nikasema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Bibi, nimekugonga mara mbili hukusikia. Vidole vyako vimelala. Hiki si kitani."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mzaha wa mtoto. Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Nilichomoa uzi kwenye ukingo wa shuka, nikauweka juu ya kaa la chetezo kama Bibi alivyonifundisha. Uzi wa kitani ungeungua kwa utulivu, ukanuka kama karatasi, ukaacha majivu laini. Huu ulijikunja kama mnyoo, ukatoa moshi mweusi, ukawa kipunje kigumu, na harufu ya plastiki ikaufunika udi wote chumbani.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu siku ile hakikukosea. Ulimi ndio ulioanguka kifudifudi. Nilimtazama Bibi nikitarajia kuona shukrani, nikaona mtu aliyezeeka ghafla, mikono yake imelala mapajani, viganja juu. Kisha nikamtazama Bi Mejumaa. Hakulia. Muungwana akivuliwa nguo huchutama: alipiga magoti mkekani, akalikusanya shuka, akalikunja pindo kwa pindo kwa uangalifu kama kitu cha thamani, akaliweka juu ya sanduku. "Tunaomba ruhusa," alisema, "njia ni ndefu." Wanawake wa Waa wakainuka mmoja mmoja, kahawa zao zikiwa bado zina moto.

Jua halijazama, ujumbe ukafika kutoka kwa mjomba wake Bakari: harusi isimame hadi wazee wakae upya, maana wao hawawezi kutoa kijana wao kwa nyumba inayochoma zawadi zao mbele ya wageni. Shangazi Riziki aliusikia akiwa mlangoni. Hakunipiga wala hakunifokea. Aliniambia tu, "Ulikuwa unataka kuonekana unajua, Tumu," kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Maneno hayo niliyabishia moyoni, kwa sababu mimi nilitaka kumwokoa Bibi. Lakini kadiri nilivyoyabishia ndivyo nilivyoona kwamba yana ukweli ndani yake. Asubuhi Bibi alinipa uji, akanitazama nikimaliza, akasema, "Vaa viatu. Tunakwenda Waa."

Bi Mejumaa tulimkuta uani akimenya mihogo. Aliitika salamu ya Bibi, akaitika shikamoo yangu bila kuinua macho, akatuvutia kigoda kimoja na mkeka, akaendelea na kisu chake. Bibi alinisukuma mbele kwa kiganja mgongoni. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, ikayeyuka. Nikasema tu, "Nisamehe, Bibi Mejumaa," nikaanza kulia.

"Bakari aliniambia kwenu hakipiti kitambaa hivi hivi bila kukaguliwa," Bi Mejumaa akasema, kama anayezungumza na mihogo. "Nikaogopa. Nikafunga safari hadi Lunga Lunga, mpakani, mimi ambaye hata Msambweni sikuwa nimefika kabla ya posa hii. Mtu akaniambia hiki ni kitani cha Misri. Nilimwamini kwa sababu aliniamkia vizuri."

"Nilijua," Bibi akasema.

Kisu kikasimama. "Ulijua nini?"

"Nilijua nilipolikung'uta. Vidole vimelala, mtoto hakusema uongo, lakini masikio yangu mazima. Kitani ukikikung'uta hulia kizito. Lile lilipiga kelele kama mfuko wa nailoni. Na magoti yangu yalihisi alivyonigonga."

Hapo ndipo nilipofahamu, na kilio changu kikakauka kwa aibu. Bibi alikuwa amesikia kila kitu, na alikuwa amechagua.

"Ukanisifu mbele za watu kwa kunihurumia," Bi Mejumaa akasema, na sasa uso wake ulikuwa mkali. "Hilo ni baya kuliko la mtoto. Mtoto aliniona mjinga. Wewe uliniona maskini."

Kuku walipita kati yetu wakidonoa maganda. "Labda," Bibi akasema. "Sitabisha. Lakini lililokuwa moyoni mwangu ni hili: nina binti mmoja aliyebaki nyumbani, naye anakuja kwako. Nikaona mwanamke aliyekwenda hadi mpakani peke yake kwa ajili yake. Nikasema, basi, huyu atamlea. Uzi ungenisaidia nini?" Kisha akanyosha mikono yake mbele, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu. "Nibonyeze."

Bi Mejumaa alisita, akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye leso, akambonyeza ncha ya kidole. Akabonyeza zaidi, hadi ukucha ukawa mweupe. "Huhisi?"

"Sihisi."

"Subhanallah. Na unashona, unapika."

"Naungua, nashona tena."

Walikaa hivyo, mikono ya jembe imeishika mikono ya kufulia, na sikuona tena mmoja akificha kitu. Baadaye Bi Mejumaa alinigeukia. "Wewe. Umeniaibisha, sasa nifidie. Nifundishe, nisidanganywe tena hata na malaika." Aliniingiza ndani, akatoa kila kitambaa alichokuwa nacho, nami nikamfunga leso machoni kama nilivyofungwa mimi. Vidole vyake vilikuwa vigumu, lakini vilikuwa hai, na mpasuko wa ngozi yake ulinasa nailoni upesi kuliko vyangu. Mashuka yake ya zamani ya pamba, yaliyofuliwa hata yakawa kama ngozi ya sikio, aliyatambua yote. Tukafika kwenye pazia la sebuleni, alilokuwa akijivunia, la rangi ya dhahabu, aliloletewa na marehemu mumewe. Nilinyamaza. Nilikuwa nimejifunza. Yeye mwenyewe ndiye aliyelikunja ngumini, akahesabu kwa sauti hadi kumi, akaliachia, akavua leso na kulitazama likijinyosha. "Hili nalo!" akasema, na kile kicheko chake kikapasuka, akamwita Bibi aje aone jinsi marehemu alivyomdanganya miaka yote ile bila mwenyewe kujua, wakacheka hadi Bibi akashika kiuno. Kuhusu mjomba wa Bakari alisema neno moja tu: "Huyo niachieni mimi."

Siku tatu baadaye tulikutana Ukunda kutafuta mashuka mengine, Bibi, Bi Mejumaa, mimi, na Shangazi Riziki ambaye alikuwa ameanza kunijibu salamu. Bi Mejumaa alishika uongozi. Katika duka la kwanza, kijana muuzaji aliyetoka bara alimtandazia shuka linalometameta. "Mathe, hii ni orijino kabisa, siwezi kukudanganya, si unaona inang'ara?" Bi Mejumaa alifumba macho katikati ya duka, akakunja ngumi, akaanza kuhesabu. Kijana akaniinamia akauliza kwa wasiwasi, "Anaomba dua?" Bi Mejumaa alikataa hilo, na la pili, na la saba. Alisugua, alivuta, aliinua mlangoni kwenye jua, aliomba maji ya kunywa akadondosha tone kwa siri. Kitani hatukukiona duka lolote. Lakini katika duka la nne, chini ya rundo, lilikuwapo shuka la pamba jeupe lisilo na ua hata moja. Alilishika, akalikunja ngumini. Akanitazama. Nikasubiri, maana sikutaka kusema kabla yake.

"Ni hili," akasema.

Nikamgonga mkono mara moja.

Harusi ilifanyika kabla shule hazijafunguliwa. Mashuka ya pamba aliyoyanunua Bi Mejumaa Ukunda ndiyo yaliyotandikwa siku hiyo, yetu yakawekwa akiba, kwa amri ya Bibi. Yale ya mpakani Bi Mejumaa alitaka kuyatupa, lakini Shangazi akakataa katakata. Aliyakata yakawa mapazia, akayatundika madirishani kwake Waa, na kusema kweli yalikuwa mapazia bora: hayakuchuja, hayakukunjamana, na kila mgeni aliyeyasifu alisimuliwa kisa chote, mama mkwe akiwa msimuliaji. Bibi naye hakupoteza mtu. Ile siri niliyoimwaga haikuzoleka tena, lakini wanawake waliendelea kuja na vifurushi vyao, wakivishika wenyewe mbele yake na kumweleza wanachohisi, naye akiwasahihisha. Na kila baada ya wiki mbili Bi Mejumaa alishuka kutoka Waa na mihogo yake, akakaa kutwa. Bibi alipofariki, miaka mingi baadaye, yeye ndiye aliyekuwa kando ya kitanda.

Leo ninasimamia matandiko katika nyumba ya wageni huko Diani. Mambo yamekuwa mepesi kwa namna ambazo Bibi asingeziamini. Mashine hufua kwa saa moja kazi iliyomla vidole kwa siku nzima, na wasichana ninaofanya nao kazi huvaa glavu, jambo ninalolisimamia kwa ukali hata wananiona mnoko. Kila shuka lina kitambulisho kilichoshonwa pembeni kinachosema limefumwa kwa uzi gani na wapi, na ingawa vingine husema uongo, mtoto wa shule anaweza kusoma kile ambacho zamani ilibidi ufundishwe likizo nzima. Wauzaji hunitumia picha kwenye simu. Picha zote ni nzuri. Nachagua, nalipia, yanafika, nisiporidhika nayarudisha, na sioni uso wa mtu tangu mwanzo hadi mwisho. Sisemi ni vibaya. Bi Mejumaa angeepuka safari ya Lunga Lunga na aibu yake yote.

Ila nimegundua kwamba na mambo mengine tumeyafanya mepesi hivyo hivyo. Mwaka huu, mbele ya wafanyakazi wote, nilimsahihisha mwenzangu Syombua kuhusu mataulo aliyoyapokea. Nilikuwa sahihi, kama kawaida yangu. Nilimwona alivyokunja uso akatazama sakafu, na jioni nikamwandikia kwenye simu kwamba naomba radhi, nikaweka na kiuso cha huzuni. Alinijibu kwa alama ya kidole gumba. Jambo likaisha, kwa maana ya kwamba hakuna anayelitaja. Tunasalimiana vizuri. Lakini chai ya saa nne, ambayo tulikuwa tukinywa pamoja kwenye ngazi za nyuma tangu aajiriwe, sasa kila mtu anainywa kwake. Ninajua anakoishi: Kombani, karibu na msikiti, nyumba yenye lango la buluu. Kutoka kwangu si mbali. Jumapili hii sina zamu.